Nyumba Isiyopumua

Ukitaka kuijua baridi ya Mbozi, usimuulize mtu aliyepita barabara kuu ndani ya basi lililofungwa vioo. Amka mwenyewe mwezi wa sita, uingize mikono kwenye ndoo ya maji yaliyolala nje, ndipo utasimulia. Tusekile alikuwa anaijua vizuri mno. Kila asubuhi ya likizo ile aliamka mapema, akaosha vyombo huku vidole vikimuuma, akafagia uwanja, kisha akawasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba na kubandika uji wa mama yake.

Uji wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulikuwa uji wa mzazi, wenye pilipili manga ya kutosha kumtoa mtu machozi. Mama yake, Tabita, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye hata kitovu chake kilikuwa bado kinakauka. Walimwita Anyitike. Tusekile alikuwa amekaa miaka yake yote peke yake katika nyumba ile, hana kaka wala mdogo, na sasa alikuwa hachoki kumtazama mtoto. Vidole vile! Kucha zile, ndogo kuliko punje za ulezi! Wakati mwingine alimwinamia akimsikiliza anavyopumua, akajiuliza nani alimfundisha kufanya hivyo, maana hakuwahi kumwona mtu akimfundisha.

Kijiji chao hakikuwa mbali na Mlowo. Ukisimama katikati ya kahawa zao unasikia malori yakinguruma kuelekea Tunduma. Baba yake, Hezron, alikuwa mkulima hodari, na msimu uliopita kahawa ilimlipa vizuri. Akapiga dari nyumba nzima, akaondoa mbao za madirisha na kuweka vioo, kisha akaziba kwa saruji kila tundu lililokuwa chini ya paa. Siku fundi alipomaliza, Baba alisimama uwanjani mikono kiunoni, akasema kwa kujisifu, "Sasa hata upepo ukitaka kuingia humu, lazima upige hodi."

Basi, kwa kuwa Mama alikuwa mzazi, bibi mzaa baba alikuja kutoka Itaka kumlea. Bibi Ikupa alikuwa mfupi wa kimo, lakini sauti yake ilifika kwa majirani bila kutumwa. Alikuwa amelea wazazi wengi mno katika maisha yake, mabinti kwa wakwe, na hakuna hata mmoja aliyemfia mkononi. Jambo hilo alikuwa hachoki kulisema.

"Mzazi anataka vitu vitatu," alimwambia Tusekile siku ya kwanza tu, hata mzigo wake haujafunguliwa. "Ale vizuri, akandwe kwa maji ya moto, na alale penye joto. Baridi ikishamwingia mzazi, mke mwenzangu, haitoki. Itamtafuna mgongo mpaka uzeeni."

Bibi alizoea kumtania mjukuu wake hivyo, akimwita mke mwenzake.

Mama alijaribu kusema neno. "Mama, kule kliniki muuguzi alitukataza kuweka jiko la mkaa chumbani."

"Huyo muuguzi ana watoto wangapi?" Bibi aliuliza.

"Sijui, mama. Bado ni binti mdogo."

"Basi mwache akue," Bibi alisema, na Mama akacheka. Ungemjibu nini mama mkwe wa namna hiyo? Jambo likaishia hapo, na jioni jiko likawa linaingizwa chumbani. Ila Baba alikuwa anaogopa chandarua kisije kikashika moto, kwa hiyo kila jioni kabla ya kulala alilibeba jiko mwenyewe na kulitoa nje. Bibi alikuwa akimtazama tu, akiguna.

Siku moja ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni ulikuwa huoni hata banda la kuku. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha bila kukoma. Baba aliondoka alfajiri kwenda kwenye mtambo wa kumenyea kahawa, maana msimu ulikuwa umepamba moto na kila mkulima alikuwa anawahi zamu. Hakuwa amefika hata njia panda, Bibi akaanza kutoa amri.

"Tuse! Leta jiko ndani. Baridi hii si ya kuchezea. Jaza mkaa, usinifanyie ubahili."

Tusekile alilibeba jiko likiwa jekundu, akaliweka pembeni ya kitanda. Bibi alitundika blanketi dirishani. Kisha akamwonyesha Tusekile uwazi mwembamba chini ya mlango.

"Unaona pale? Mwizi wa joto anapita pale. Ziba."

Tusekile alikunja kitenge kikuukuu, akakisukuma vizuri mpaka hakuna kitu kingeweza kupita. Chumba kikawa na joto la kupendeza. Mama alijifunika, akatabasamu, akamkumbatia Anyitike. Kwa kweli mtu akiingia mle kutoka kwenye ukungu, alikuwa hataki kutoka.

Haukupita muda mrefu, mtoto akaanza kulia. Akapewa ziwa, akalikataa. Akabembelezwa, wapi! Alilia kama aliyefinywa. Mwishowe Bibi alimfunga mgongoni na kwenda naye jikoni, kile kibanda cha nje kinachovuja upepo kila upande. Ajabu, huko akanyamaza, na baada ya kitambo akalala.

"Huyu anapenda mgongo wangu," Bibi alisema kwa furaha. "Damu inajuana."

Huku chumbani, Mama alimwita Tusekile. "Mwanangu, kichwa kinanigonga. Hebu nisindikize chooni."

Tusekile alimfunika khanga mbili na sweta la Baba, akamshika mkono. Mama alitembea akiyumba. Lakini waliporudi kutoka chooni, alisimama katikati ya uwanja, ukungu ukimgusa uso, akavuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine. Macho yake yakachangamka.

"Afadhali," alisema. "Kichwa kimepungua. Ngoja nisimame hapa kidogo."

"Nyie!" Sauti ya Bibi ilitoka jikoni. "Mnafanya nini kwenye baridi? Tuse, unataka kumuua mama yako? Mrudishe ndani!"

Wakarudi. Mlango ukafungwa, kitenge kikarudishwa mahali pake. Muda si muda Mama alikuwa ameshika tena kichwa kwa mikono miwili, safari hii akisikia na kichefuchefu.

Bibi alikuja kumwona, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mnaona sasa? Kusimama nje kidogo tu, baridi imeingia mpaka kichwani. Tuse, ongeza mkaa."

Tusekile alisimama na koleo mkononi. "Bibi, lakini kule nje alisema amepata nafuu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Bibi alimjibu. "Ongeza mkaa."

Akaongeza mkaa. Mama alitapika mara moja, kisha akasema anataka kulala. Bibi alisema aachwe apumzike, usingizi ni dawa, akarudi jikoni kumpikia ugali na maharage. Tusekile naye alikwenda kuosha nepi. Hakuna aliyekuwa mvivu katika nyumba ile siku hiyo, na hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi kwa bidii kumtunza mgonjwa.

Aliporudi na bakuli la uji, Tusekile alimkuta Mama amelala chali, mdomo wazi kidogo. Uso wake ulikuwa umeiva wekundu, kama wa mtu mwenye afya tele.

"Mama, uji."

Mama hakuitika.

"Mama! Mama!"

Akaweka bakuli chini, akamshika mkono. Mkono ukaanguka kitandani kama wa mwanasesere. Macho ya Mama yalifunguka nusu, yakamtazama bila kumjua, yakafunga tena. Alitamka neno ambalo halikuwa neno la lugha yoyote. Hapo Tusekile akapiga kelele ambayo hakujua kama anayo.

Bibi alikuja mbio, mtoto mgongoni, unga mkononi. Alimtikisa mkwewe, akamwita kwa Kiswahili, akamwita kwa Kinyiha, akamwita kwa jina lake la ubatizo. Halafu nguvu zikamwisha, akakaa chini sakafuni. "Yesu wangu," alisema. "Yesu wangu, mke wa mwanangu."

Jirani yao Damiano, ambaye alikuwa na bajaji, alisikia kelele na kuja na mkewe. Walimbeba Mama ndani ya shuka. Damiano alimpigia Baba simu huku akiwasha bajaji. Katika vurugu ile, Tusekile alihisi mkono mgumu ukimshika bega. Ulikuwa wa Bibi.

"Tuse, nisikilize. Huko tuendako, habari ya jiko usiiseme."

"Kwa nini, bibi?"

"Wale waganga walishakataza. Watatufokea bure, na baba yako atasema mimi nimekuja kumuulia mke. Jiko halijamfanya kitu, mimi nimelea wengi kwa moto. Huu ni ugonjwa wa uzazi tu. Umenisikia?"

"Ndiyo, bibi," Tusekile alijibu, maana alilelewa hivyo, mkubwa akisema unaitika.

Katika kituo cha afya walipokewa na tabibu wa zamu, dada mmoja kijana kutoka upande wa Momba aliyeitwa Nesta. Alikuwa na mikono myepesi isiyobabaika. Alimsalimia Bibi shikamoo huku tayari anamfungua Mama macho na kuyamulika. Akapima presha, akatazama kama kuna damu inayotoka, akapima homa, malaria na sukari. Akambana Mama kidoleni kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, kikaonyesha namba.

"Oksijeni nzuri," tabibu alisema peke yake, kama asiyeridhika. "Presha nzuri. Malaria hakuna. Sukari nzuri. Bibi, niambie, alianzaje?"

"Baridi," Bibi alisema. "Alitoka nje, akasimama kwenye ukungu. Baridi imempanda kichwani."

"Amekula nini? Amekunywa dawa yoyote? Za kienyeji? Usiogope kuniambia."

"Uji na maharage tu, mwanangu. Dawa hakuna."

Wakati huo Baba akaingia. Alikuwa amekuja kwa bodaboda, buti zake zimejaa maganda ya kahawa, mvua inamtiririka usoni. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kuchekesha watu kwenye foleni ya mtambo. Siku hiyo alimpita kila mtu. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa kitanda, akapiga magoti, akaishika miguu ya Mama kwa mikono yake miwili.

"Tabita," alisema kwa sauti ndogo. "Tabita, ni mimi. Nimekuja."

Tusekile hakuwahi kumwona baba yake akiwa mdogo namna ile.

Tabibu alinyoosha mgongo. "Baba, nitakueleza ukweli. Kila ninachopima ni kizuri, na mgonjwa mwenyewe ni mahututi. Nikimpeleka hospitali kubwa sasa hivi, njia ni mbaya kwa mvua hii, na pumzi yake inazidi kuwa nzito. Anaweza asifike. Nikimtibu hapa, sijui ninatibu nini. Kuna kitu sijaambiwa." Akawatazama wote mmoja mmoja. "Jamani, nisaidieni. Hakuna mtu aliyeona kitu?"

Bibi alikuwa anatazama sakafu. Anyitike alikoroma mgongoni kwake. Tusekile alimtazama Bibi, akaona mikono ya kizee iliyomkanda Mama kila asubuhi, mikono iliyomwogesha yeye mwenyewe alipokuwa mchanga. Angewezaje kumwumbua mbele ya watu? Mtoto gani hufanya hivyo? Kisha akamtazama Mama. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakaa. Kikakaa sana. Kikapanda tena.

"Akitoka nje alikuwa anapata nafuu," Tusekile alisema.

Sauti ilimtoka nyembamba, lakini tabibu aligeuka kama aliyeitwa kwa jina.

"Rudia, mwanangu. Nje wapi?"

"Nje uwanjani. Akiwa chumbani kichwa kinamgonga, akitoka kinaacha. Akirudi kinaanza tena."

"Tuse!" Bibi alisema.

"Chumbani kuna nini?" Tabibu alikuwa ameshainama, macho yake sawa na ya Tusekile. "Niambie tu. Hakuna atakayekupiga."

"Kuna jiko la mkaa. Tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyelileta. Na chini ya mlango niliziba na kitenge, na dirishani kuna blanketi. Mtoto pia alilia sana mle, akitolewa ananyamaza." Hapo machozi yakamtoka. "Na mimi niliongeza mkaa."

Tabibu hakungoja neno jingine. "Mtungi!" alimwita muuguzi. "Leteni mtungi wa oksijeni, na ile barakoa kubwa! Haraka!"

Wakauburuta mtungi mrefu mweusi wenye mabega meupe mpaka pembeni ya kitanda. Tabibu alimvika Mama barakoa iliyofunika pua na mdomo, akazungusha kifunguo. Sss, ikasikika sauti ndogo kama ya sufuria inayokaribia kuchemka. Basi. Hakuna sindano wala kidonge. Tusekile alikodolea macho mpira ule mwembamba unaotoka kwenye mtungi. Alitaka kuiona dawa ikipita ndani yake, aone hata rangi, hata povu, lakini hakuona chochote. Mpira ulikuwa mtupu kabisa.

"Daktari," Baba aliuliza, bado amepiga magoti, "mbona kifaa kile kilisema oksijeni ni nzuri?"

Tabibu alijibu bila kuondoa macho kwa mgonjwa. "Kimedanganywa, baba. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa hewa moja mbaya, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi kama moshi. Sasa, ndani ya damu kuna viti ambavyo oksijeni inakalia ili isafirishwe mwilini. Hewa hii ikiingia inakalia viti hivyo, na ikikaa ni king'ang'anizi, haitaki kuinuka. Kifaa changu kinaona viti vimejaa, kinasema safi. Hakijui waliokalia ni akina nani."

"Na sasa?"

"Sasa tunapeleka oksijeni nyingi, safi, mpaka ile hewa mbaya ichoke, inyanyuke. Tuombe Mungu, na tungoje."

Wakangoja. Tusekile alikaa kwenye kiti cha mbao, akisikiliza ile sss ndogo. Jambo moja lilikuwa limemshika akili, likakataa kumwachia. Kitu kilichokuwa kinamuua mama yake kilikuwa chumbani asubuhi yote, naye alikuwa anapita katikati yake na bakuli la uji, hakukiona. Na hiki kinachomrudisha nacho hakionekani. Maisha yake yote alikuwa akiivuta hewa bila kuishukuru, akidhani ni utupu tu ulio kati ya vitu. Kumbe utupu ule ndio uliombeba. Alivuta pumzi polepole, akaishikilia kidogo kifuani, akaogopa, akafurahi, vyote kwa pamoja.

Mvua ilipoanza kupungua, kidole cha Mama kilisogea. Baba ndiye aliyekiona kwanza, akanyoosha mkono kukionyesha. Kikasogea tena. Uso ukapoteza ule wekundu wa uongo. Kope zikatetemeka, macho yakafunguka, yakazunguka chumba kile yakitafuta. Nyuma ya barakoa midomo ilisogea.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Baba alikaa chini kabisa, maganda ya kahawa na yote, akalia waziwazi kama mtoto. Tusekile alimkimbilia Mama, lakini alipofika aliogopa kumgusa, akasimama tu. Mtu alikuwa amekwenda mbali mbele ya macho yake, kisha akarudi, na alikuwa yule yule. Anauliza habari ya mtoto! Tusekile aliona kitandani pale pana kitu kikubwa kuliko yeye, kikubwa hata kuliko tabibu na mtungi wake. Hakujua akiiteje.

Tabibu alimpima Anyitike pia, kwa muda mrefu, akisikiliza kifua na kutazama macho. "Huyu ni mzima. Alikuwa anasikia vibaya mle ndani, hana maneno, akatumia kilio. Bibi, ulivyomtoa ukaenda naye kwenye upepo, ndivyo ulivyomwokoa."

Bibi hakufurahia sifa hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, kimya, jambo ambalo hakuna aliyelizoea. Sasa akasogea mbele.

"Mwanangu daktari," alisema, "mimi si mjinga. Nimelea wazazi wengi kwa moto, na mkaa, na magogo. Wote wazima. Kwa nini huyu?"

Wengine wangemfokea. Tabibu Nesta alimsogezea kiti. "Bibi, hilo ni swali la maana. Nyumba uliyowalea wale wazazi iliezekwa na nini?"

"Nyasi."

"Na ukuta ulifika mpaka kwenye paa?"

"Ah, hapana. Pale juu palikuwa wazi. Usiku ukilala unaona nyota." Bibi aliinua macho taratibu, kama anayeitazama nyumba ile ya zamani juu ya kichwa chake. "Moshi ulikuwa unapita kwenye nyasi, unatoka. Kumbe nyumba ile ilikuwa inapumua."

"Ndiyo, bibi."

"Na hii ya Hezron haipumui."

Baba aliinamisha kichwa. "Niliiziba mwenyewe, mama," alisema. "Kila tundu. Nilifikiri nawafanyia vizuri."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake zaidi ya hapo. Bibi alikwenda kitandani, akaushika mkono wa mkwewe, akamwambia maneno ya Kinyiha ambayo Tusekile hakuyasikia. Mama akaufumbata mkono ule wa kizee ndani ya wake. Tusekile alingoja zamu yake ya kukemewa. Haikuja siku ile, wala njiani wakati wa kurudi nyumbani, Mama alipokuwa amepona na tabibu ameridhika kumruhusu. Bibi hakumkemea wala hakumtania. Alikuwa anamtazama tu, na mtazamo ule ulimtia Tusekile wasiwasi kuliko fimbo.

Jumapili baada ya ibada wanawake wa kanisani walikuja kumwona mzazi. Walikuja na unga, sabuni, sukari na kuku wawili waliofungwa miguu. Nyumba ilijaa vicheko. Mama alikaa kitandani amejifunga khanga mpya, dirisha limefunguliwa na mwanga wa baridi unaingia, Anyitike amefunikwa mpaka kidevuni. Tusekile alikuwa anapitisha chai.

Mama Efraimu, mama wa makamo aliyeishi ng'ambo ya mashamba ya kahawa, alijikunyata. "Jamani Bibi Ikupa! Mzazi na dirisha wazi? Ndivyo mnavyofanya Itaka?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akawasimulia yote kwa ile sauti yake isiyohitaji kutumwa. Jiko, blanketi, kitenge. Alivyoyadharau maneno ya muuguzi. Alivyomwamuru mtoto aongeze mkaa juu ya mauti, na alivyomwambia anyamaze. Hakujipunguzia kitu. Vicheko viliisha kabisa.

"Na huyu Tuse," mama mmoja alinong'ona kwa mshangao, "akamsema bibi yake mbele ya watu?"

Tusekile alisimama na birika mkononi, uso umemwiva. Bibi akamwita. "Njoo hapa, mke mwenzangu." Akamshika kiuno, akamgeuza awatazame wageni.

"Alinisema, ndiyo. Kwa saa ile nilimchukia, nisiwadanganye. Nilifikiri amenivunjia heshima. Lakini kama angeninyamazia, ninyi leo msingekuja na kuku. Mngekuja na kuni za matanga, mkae pale uwanjani mkilia, na mimi katikati yenu nikilia kuliko wote, na sababu ya kilio ninaijua peke yangu." "Tuse, mjukuu wangu, na ninyi watoto mlio hapo mlangoni, sikieni. Mkubwa ataheshimiwa, hilo halibadiliki. Lakini mgonjwa akiwa mbele yenu, mwambieni mganga kila mlichokiona, hata kama kinamwaibisha bibi. Aibu ni yangu, nitaibeba mwenyewe, nimebeba mizito kuliko hiyo. Na jiko la mkaa likae nje. Mtu akitaka joto, ajifunike, awashe moto jikoni kwenye upepo, aingie ndani na maji ya moto. Nyumba zetu za sasa ni nzuri, lakini hazisamehe."

Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga. Baadhi ya wanawake waliitikia "amina" kama vile wako kanisani bado.

Mama Efraimu peke yake hakuitikia. Alikuwa amesimama, chai yake haijafika hata nusu, rangi imemtoka.

"Binti yangu," alisema. "Amejifungua juzi. Nimemwacha na jiko, nikamfungia mlango baridi isimpige."

Hakuaga. Tusekile alikimbilia dirishani, akamwona akishuka kwenye mashamba ya kahawa, khanga ya pili imeanguka nyuma yake na hakuigeukia, akikimbia kwa nguvu zake zote kwenda kufungua mlango.